Vijiko Visivyoshika Kutu

Mgeni aliyeanzisha balaa lile alikuwa mjomba wa bwana harusi, mtu mnene mwenye sauti iliyozoea kusikilizwa. Alikuwa hajagusa chakula. Aliinua kijiko mbele ya macho yake, akakigeuza huku na huku, kisha akapaza sauti mpaka wapiga muziki wakanyamaza.

"Nani anatulisha kwa vijiko vyenye kutu?"

Mke wa Dereva alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko la ukumbi, karai la sahani chafu mikononi, mtoto mgongoni. Aliona vichwa vikiinama, kila mtu akikagua kijiko chake. Madoa yalikuwepo: vidoa vya hudhurungi, vingine vidogo kama vichwa vya pini, vingine vimetambaa mpaka shingoni mwa kijiko. Waliokuwa wamefika nusu ya sahani waliacha kula. Mwanamke mmoja alitema kilichokuwa mdomoni kwenye kitambaa cha karatasi, kwa adabu kabisa, na adabu ile ndiyo iliyouma.

Vijiko vilikuwa vya mama mkwe wake. Mtaa mzima ulimwita Mama Vyombo, kwa kuwa yeye ndiye aliyekodisha sahani, bilauri, uma na vijiko kwa kila mwenye shughuli, na ukumbi ule ndio uliokuwa mteja wake mkubwa. Kodi ya nyumba, unga, sabuni, hata mafuta ya kigari cha mizigo alichoendesha mwanawe, vyote vilitoka kwenye vyombo vile. Mama Vyombo hakuwa na kazi nyingine wala hakuitaka. Alikuwa akijisifu kwamba katika shughuli zake zote hajawahi kurudishiwa sahani.

Msimamizi wa ukumbi hakungoja wageni waondoke. Alimwita mbele ya wapishi, akamwaga vijiko mezani kwa kishindo.

"Mama, uliniambia hivi ni stenlesi."

"Ni stenlesi, baba. Nilinunua kwa mkono wangu huu."

"Stenlesi haishiki kutu. Hata mtoto mdogo anajua."

"Nami nakwambia nililipa bei ya stenlesi!"

"Basi kuna mtu amekubadilishia, mama. Vya kweli vimeuzwa, ukawekewa vya bandia." Msimamizi alitazama saa yake. "Lete vingine kabla ya shughuli ijayo, la sivyo nitatafuta mtu mwingine."

Alikwenda zake kuwatuliza wageni. Hakujua alichokiacha nyuma yake.

Nyumbani Mama Vyombo alikaa kwenye kiti cha sebuleni bila kuvua viatu, akamwita mkwewe. Dereva alisimama dirishani na funguo za gari mkononi. Alikuwa mume mpole, wa kupenda mambo yaishe, na watu wa namna hiyo wana hatari yao.

"Nani anaosha vijiko nyumba hii?" aliuliza Mama Vyombo.

"Mimi, mama."

"Nani anavipanga sandukuni?"

"Mimi."

"Nikitoka kwenda kutafuta wateja, nani anabaki na sanduku?"

"Mimi, mama, lakini..."

"Sijakuuliza lakini. Vile viatu vya mtoto umevitoa wapi?"

Mke wa Dereva alipigwa na butwaa. Viatu vya mtoto! "Nilimshonea jirani mapazia, mama. Kwa cherehani yangu. Muulize."

"Nimuulize jirani kama mkwe wangu mwizi? Ndiyo heshima unayonitafutia?"

Mke wa Dereva akachukua kijiko kimoja, akakipindua, akaonyesha kwa kidole. "Tazama mama, alama yako hii hapa." Na kweli, mgongoni mwa mpini palikuwa na nukta tatu zilizokaa kama mafiga. Mama Vyombo alizigonga mwenyewe kwa msumari kwenye kila kijiko alichomiliki, wageni wasije wakavichanganya na vyao.

"Msumari si ulikuwa dirishani siku zote? Nyundo si ilikuwa chini ya kitanda? Mtu aliyejua kuiba vijiko atashindwa kugonga nukta tatu?"

Mke wa Dereva aliapa kwa mtoto wake, akalia, akapiga magoti, na kadiri alivyolia ndivyo machozi yake yalivyofanana na machozi ya mwenye kosa. Jioni ile Dereva alimfuata uani, akachuchumaa karibu yake, akasema kwa sauti ya kubembeleza:

"Sema tu ukweli, yaishe. Mama ameapa. Ukiendelea kukataa nitakurudisha kwenu kesho, na mtoto anabaki hapa. Ukikiri, nitamwomba akusamehe. Kosa ni kosa, binadamu tunakosea."

"Lakini sikuiba, baba watoto."

"Umenisikia nilivyosema?"

Alimsikia. Alimtazama mtoto, aliyekuwa amelala kifudifudi kwenye mkeka, kidole mdomoni. Mtoto yule hakuweza kusinzia bila kushika sikio la mama yake. Nani angempa sikio? Basi akainuka, akaenda sebuleni, akasema: "Nisamehe mama. Ni mimi." Maneno yalitoka mepesi. Kumbe kukiri jambo ambalo hukulifanya hakuna uzito wowote. Uzito unakuja baadaye.

Ulikuja mara moja. Vya kweli viko wapi? Nimeuza. Kwa nani? Mtu wa njiani, simjui. Kiasi gani? Akataja kiasi, kikaonekana kidogo, Mama Vyombo akajipiga makofi mapajani. "Hata kuiba hajui!" Asubuhi alijifunga vizuri akaenda mpaka kwa wazazi wa mkwewe, akakaa na mama yake, akampa habari zote mbele ya mashangazi. Na cherehani, ambayo mama huyo huyo alimpa bintiye siku alipoolewa, ikabebwa na kigari cha Dereva ikauzwa, ili vinunuliwe vijiko vingine.

Dukani walikwenda wote wawili, Mama Vyombo na mkwewe, maana mizigo ilihitaji mtu wa kubeba. Mwenye duka la vyombo alikuwa mzee mwenye kikohozi. Mama Vyombo alichagua kijiko kimoja kimoja, akavigonganisha asikilize mlio, akauliza mara kumi kama ni stenlesi halisi.

"Ni halisi, mama. Lakini hata halisi inataka adabu," alisema mwenye duka huku akifunga mafurushi. "Usiloweke kwenye klorini muda mrefu. Usiweke chumvi. Chuma hiki kina ngozi nyembamba juu, huwezi kuiona, ndiyo inayozuia kutu. Ikikaa kwenye hewa na ukavu, ngozi inarudi yenyewe. Klorini na chumvi zinaitoboa. Halafu ukivifungia sandukuni na maji yake, kutu inaanzia palepale penye tundu."

"Mwanangu," alisema Mama Vyombo, ingawa mzee alikuwa rika lake, "mimi nimeosha vijiko maisha yangu yote. Nipe chenji."

Mke wa Dereva alikuwa amekwisha kuinua furushi kichwani. Alisimama nalo vile vile, shingo imekaza. Klorini! Tangu wageni wa shughuli fulani waugue matumbo, ukumbi uliagiza vyombo vyote vichovywe klorini kabla ya kutumika, dakika chache tu kisha visuuzwe. Mama Vyombo hakuwa mtu wa dakika chache. Kwake yeye, dawa ikikaa zaidi inaua zaidi. Alimwagiza mkwewe avilaze humo usiku kucha, na juu yake atupie konzi ya chumvi, kwa kuwa chumvi nayo inasafisha. Asubuhi vilitolewa vikitiririka maji, vikatupwa sandukuni, kigari kinangoja nje. Miezi yote ile yeye alikuwa akitii amri, na amri ndiyo iliyokuwa ikila vijiko.

Hakuna aliyeiba kitu. Vile vyenye madoa ndivyo vile vile vya siku zote.

Alimwambia mumewe siku hiyo hiyo, akimpakulia chakula. Dereva alitafuna polepole, akameza.

"Wewe si ulikiri mwenyewe?"

"Nilikiri kwa sababu uliniambia nikiri."

"Kwa hiyo wakati ule ulisema uongo, na sasa unasema kweli. Au wakati ule kweli, na sasa uongo. Mimi nitajuaje?" Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyechoka, akasogeza sahani. "Yameshakwisha haya. Usiyachokoze."

Alijaribu kwa mama mkwe pia, kwa woga, akizunguka maneno. Mama Vyombo alimkata jicho. "Mwizi wa vijiko sasa ananifundisha kuosha vijiko. Dunia ina vituko!" Kuanzia siku ile sheria ikawa moja: mkwe asiguse kijiko. Aoshe sahani, aoshe masufuria, asugue sakafu. Vijiko vipya, vilivyogongwa nukta tatu na Mama Vyombo mwenyewe, vilikaa kwenye sanduku la bati lenye kufuli, msumari wa alama humo humo, na ufunguo ulining'inia shingoni mwa Mama Vyombo, ndani ya blauzi. Majirani walipokuja kuazima chumvi waliusikia ukilia kwenye ushanga wake, wakajua na sababu yake.

Shughuli kubwa iliyofuata ilikuwa Jumamosi. Siku chache kabla, habari ilikuja kwamba shemeji yake Mama Vyombo amefariki, ikabidi aende msibani akalale huko. Kabla hajaondoka alivitoa vijiko vyote vipya, akavimimina kwenye beseni kubwa la plastiki uani, akamimina klorini mpaka macho yakawasha, akatupia chumvi konzi mbili badala ya moja. Safari hii hakutaka mgeni yeyote aseme kitu.

"Vikae hapo mpaka nirudi Jumamosi asubuhi," alisema akifunika beseni kwa sinia na kuweka tofali juu. "Nimevihesabu. Usiviguse. Umenisikia? Usiviguse."

"Nimesikia, mama."

Akaenda. Dereva naye alikuwa amepata safari ya kupeleka mizigo mbali, akaenda vilevile. Nyumba ikabaki na mke, mtoto na beseni.

Alifua nguo. Alipika uji wa mtoto. Kila alipopita uani alilitazama lile tofali. Akili yake ilikuwa ikienda mbele na kurudi nyuma, na kote alikuta ukuta. Akiviacha, Jumamosi vitatoka na madoa, vipya, vilivyochaguliwa na Mama Vyombo mwenyewe, vilivyokaa chini ya ufunguo wake. Hakuna ambaye angeweza kusema vimeibwa. Jina lake lingesafishika. Lakini ukumbi ungewafukuza, na baada ya ukumbi hakukuwa na kitu. Wangekula nini, jina lake safi? Na akivitoa, vitang'aa. Ukumbi utafurahi. Mtoto atakula. Na kila mtu atasema: mnaona, vijiko vya kweli havishiki kutu, kwa hiyo vile vya zamani vilikuwa vya bandia, kwa hiyo ni kweli aliiba. Mikono yake mwenyewe ingempigia muhuri wa wizi.

Alikaa kwenye ngazi ya jikoni, akashika tama, akamlilia mama yake kama mtoto mdogo. Mtoto wake alimkazia macho, kisha naye akaanza kulia kumsindikiza.

Mwisho aliinuka akaondoa tofali.

Alivisuuza kwa maji matatu. Alivifuta kimoja kimoja kwa shuka kuukuu, mbele na nyuma, mpaka kwenye zile nukta tatu ambako maji hupenda kujificha, akavitandaza juani kwenye mkeka. Uani kote kukawa kunameremeta, mtoto akacheka akinyoosha mkono. Ila kimoja alikiacha. Alikitia kwenye kopo lenye klorini kali, chumvi tele, kesho yake akakitoa bila kukisuuza, akakifunga ndani ya kitambaa kibichi, akakificha nyuma ya gunia la mkaa. Hakuwa na shahidi duniani, basi akajitengenezea mmoja.

Jumamosi Mama Vyombo alirudi mapema, macho yamevimba kwa kilio cha msibani. Akakuta beseni tupu limeegemezwa ukutani, na vijiko vimepangwa kwenye kitambaa cheupe.

"Nilikwambia nini?"

"Uliniambia nisiviguse, mama. Nimevigusa." Alipiga magoti, akafungua kitambaa kibichi mbele yake. "Kabla hujanipiga, tazama hiki."

Kijiko kilikuwa na vidoa, vingi, hudhurungi ile ile. Mama Vyombo alikichukua. Alikigeuza. Akasugua mpini kwa kidole gumba, nukta tatu zikatokeza, nukta alizozigonga yeye, kwa msumari aliokuwa ameufungia.

"Hiki kimetoka wapi?"

"Katika hivi hivi. Vingine nilivitoa kwenye dawa. Hiki nilikiacha. Mimi sikuiba, mama. Sikuwahi."

Kuku wa jirani alipita uani, akadona mkeka, akaenda zake. Mama Vyombo alikaa chini taratibu, mtu mzima, na nguo zake za msiba, kwenye sakafu yenye maji.

"Nilikwenda kwenu," alisema. "Nilikaa na mama yako nikamwambia."

"Najua."

"Alinipa maji ya kunywa. Hakujibu kitu. Aliniletea maji tu." Akajifuta pua kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwani. "Cherehani yako nimeiuza."

"Ndiyo, mama."

"Nimewaambia watu wote. Nitaiweka wapi sura yangu, mwanangu?"

Mwanangu. Tangu siku ya vijiko alikuwa hajamwita hivyo. Mke wa Dereva aliushika mkono wa mama mkwe wake, nao ukamshika. Kwa muda mfupi walikuwa wanawake wawili tu waliochoka, uani, na jua linapanda.

"Nitasema mwenyewe," alisema Mama Vyombo. "Kwa mume wako, kwa mama yako, kwa wote. Lakini leo kuna shughuli. Tumalize shughuli kwanza. Sawa?"

"Sawa, mama."

Honi ya kigari ikalia nje, Dereva amerudi. Mama Vyombo alishtuka, akainuka kwa haraka ambayo magoti yake hayakuwa nayo siku nyingine. Aliingia chooni, kile choo cha shimo nyuma ya nyumba, kijiko kikiwa mkononi. Alipotoka alikuwa akijifuta mikono kwenye sketi, na mikono ilikuwa mitupu.

Mke wa Dereva aliona. Alijiambia labda amekiweka mfukoni. Sketi ile haikuwa na mfuko.

Ukumbini mambo yalikwenda vizuri kuliko walivyotarajia. Msimamizi alichukua kijiko kimoja, akakielekeza kwenye taa, akatabasamu.

"Hii sasa ndiyo stenlesi, mama. Unaona tofauti? Vile vya kwanza ulichezewa."

"Ndiyo, baba," alisema Mama Vyombo.

Dereva aliyekuwa akishusha makreti ya bilauri alimtazama mkewe, akatikisa kichwa kidogo, mtikiso wa mtu aliyethibitisha jambo. Mkewe alikuwa akingoja shughuli iishe.

Msimamizi akaanza kuhesabu, kama ilivyo kawaida ya kupokea vyombo, akivipanga kumikumi mezani. Fungu la mwisho lilipungua. Akachungulia ndani ya sanduku, akapapasa pembeni, akainua kitambaa.

"Kijiko kimoja hakipo."

"Haiwezekani," alisema Dereva. "Mama alivihesabu kabla ya kwenda msibani." Akaweka kreti chini. Uso wake ulibadilika polepole, macho yakamgeukia mkewe na kubaki hapo. "Nani alibaki na vijiko?"

Wapishi waliacha kukata vitunguu. Mke wa Dereva alimtazama Mama Vyombo, aliyekuwa amesimama upande wa pili wa meza na kitambaa mkononi, akifuta sahani ambayo haikuwa na tone la maji.

"Mama," alisema. "Mwambie."

Mama Vyombo aliendelea kufuta.

"Mama, tafadhali. Mwambie."

"Usimsumbue mama yangu, ana msiba," alisema Dereva. Hakupaza sauti. Alikwenda nyuma ya mkewe, akaanza kulegeza fundo la mbeleko, mtoto akazinduka na kushika sikio la mama yake kwa ngumi nzima. "Ukitoka hapa nenda moja kwa moja kwenu. Nguo zako nitazileta. Mtoto nipe."

"Mama!"

Mama Vyombo aliweka sahani juu ya nyingine, akaisawazisha vizuri ikae katikati. Kisha akamgeukia msimamizi wa ukumbi, bila kumtazama mtu mwingine yeyote.

"Hesabu tena," alisema.